Tangi la mvua linajaa, maji ya ziada yanashukia kwa jirani. Niyapeleke wapi?

BiMshelisheli (Mtambile, Pemba)

Assalamu alaykum jamaa zangu. Muda mrefu nasoma humu kimya kimya, lakini leo maji yamenifika shingoni, na sisemi kwa mafumbo.

Nakaa upande wa Mtambile. Nyumba iko juu ya kilima kama zilivyo nyumba nyingi za huku, na nyuma yake ardhi inateremka mpaka bonde la mpunga. Baina yangu na bonde kuna jirani, mtu mzima, tumekaa naye miaka 20 na kitu hatujawahi kurushiana neno. Bustani yangu iko ubavuni mwa nyumba: matuta 6 ya mchicha, bamia, bilingani na pilipili mbuzi. Si kubwa, lakini ndiyo inayonilipia umeme na sukari, maana mwanangu hupeleka mafungu sokoni Chake kila Jumatano na Jumamosi.

Kaskazi ya mwaka jana ilinikaushia matuta mawili mazima. Maji ya mfereji huku ukiyapata usiku umeyapata, na huwezi kuyatumia kumwagilia bilingani wakati mna watu ndani hawajakoga. Basi nikanunua tangi la plastiki la lita 1,000, nikamwita fundi akanifungia gata upande wa nyuma wa paa (mama yangu, Mungu amrehemu, yeye aliliita mlizamu). Paa la mabati, upande huo una urefu wa mita 10 na upana wa mita 4. Bomba la inchi 4 linateremsha maji mpaka mdomoni mwa tangi. Juu ubavuni fundi akatoboa tundu, akatia kibomba cha inchi 1, akaniambia, "Yakizidi yatatokea hapa." Nikamlipa, nikamshukuru, nikampa na mashelisheli mawili.

Vuli ikapita salama, ilikuwa ya manyunyu tu. Masika haya ndiyo yaliyonifunza. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza nilisikia mshindo kama wa mtu anamwaga ndoo hapumziki. Nikatoka na tochi. Kile kibomba cha inchi 1 kilikuwa kinarusha maji kwa nguvu zake zote, maskini, lakini maji mengine yalikuwa yanatokea kifunikoni na kuteremka pande zote. Tangi zima limevaa maji kama mtu aliyetoka kukoga na kanga mwilini. Pale chini yanachimba. Yakapata njia yake katikati ya tuta langu la bamia, yakashuka bondeni.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, nikasikia hodi. Jirani. Hakuja kugomba. Alisimama kizingitini na kanzu yake, akasema: "Bi mkubwa, maji yako yamelala kwangu usiku."

Nikafuatana naye. Ile sakafu yake ya kuanikia karafuu, aliyoimimina mwenyewe na wanawe miaka 3 iliyopita, nusu nzima imejaa tope langu jekundu, na miche yangu ya bamia imelala juu yake. Pembeni, maji yamechimba chini ya sakafu. Nilipenyeza mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Nikakosa pa kuuweka uso.

Tangu hapo nimefanya mambo mawili, na yote mabaya. La kwanza, nikaweka pipa la buluu la lita 200 chini ya kile kibomba. Mvua iliyofuata lilijaa kabla sijamaliza chai. La pili ndilo la aibu, naliandika ili mnicheke vizuri: nilichimba kimtaro nikayaelekeza maji kwenye karo la choo. Nikajiambia karo si shimo, na shimo kazi yake si kunywa maji? Mvua ilipokuja karo likajaa, choo kikakataa kushuka siku 3, na harufu sitaki kuieleza.

Sasa naona na tangi lenyewe limeinama. Fundi alilijengea jukwaa la matofali, na upande wa bondeni matofali mawili yametitia. Limeegemea shina la mshelisheli. Nimetia kipande cha mti kulikinga.

Naombeni msaada. Maji ya ziada niyapeleke wapi? Na mbu nao wameanza, ndani ya pipa la buluu naona viluwiluwi vinacheza. Pesa za kununua bomba n'nazo. Za kununua tangi jengine sina.

FundiMabomba (Wete)

Waalaykum salaam bi mkubwa. Kabla ya yote, nenda kafungue mfereji wa tangi sasa hivi, umwagilie matuta, libaki tupu. Usisubiri kumaliza kusoma. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000. Hiyo ni tani nzima imeegemea mti, na kipande chako cha mti hakizuii kitu. Mtoto asipite hapo.

Umeshafungua? Haya.

Fundi wako hakukosea gata, alikosea tundu. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa lako upande huo ni mita 40 za mraba. Kwa hiyo milimita 25 za mvua, ambazo kwa masika ya Pemba hazimtoi mtu barazani, zinakupa lita 1,000. Tangi limekwisha kujaa. Inayonyesha baada ya hapo usiku ule yote ni ya jirani yako.

Sasa tazama kasi. Mvua ikipiga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, hata kama ni kwa robo saa tu, gata linakuletea lita kama 67 kila dakika. Hizo ni ndoo kubwa 3 na zaidi kwa dakika moja. Kibomba cha inchi 1, kwa msukumo ule mdogo wa pale juu, hakifiki hata nusu ya hapo. Watu hudhani bomba la inchi 4 ni mara 4 ya la inchi 1. Ni mara 16, kwa sababu kinachopitisha maji ni uwazi wa ndani. Ndiyo maana uliona lile dogo linahangaika na kifuniko kinamwaga. Yanapoingilia inchi 4, yatokee inchi 4. Ukibanwa sana na pesa, inchi 3. Chini ya hapo mimi sikufungii.

Tundu jipya likae chini ya kifuniko, na liwe chini ya pale yanapoingilia. Tia kiungio cha tangi chenye mpira ndani na nje, halafu elbo ya kuangalia chini, halafu bomba literemke mpaka ardhini na liendelee. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanateremsha bomba wanalikatia pale pale miguuni mwa tangi. Hapo umelipa pesa kuchimba jukwaa lako mwenyewe. Lipeleke si chini ya mita 3 kutoka kwenye jukwaa na kutoka kwenye ukuta wa nyumba. Mdomo wa mwisho uuvishe wavu wa mbu, ufunge kwa waya unaofunguka, usigundishe.

Jukwaa livunje. Upande wa bondeni fundi alijaza udongo kupata usawa, nao umelainika. Chimba mpaka ufike udongo mgumu ambao hakuna mtu aliyeuchimba kabla, panga mawe, shindilia, mimina zege ya sentimita 10, na zege ipite ukubwa wa tangi pande zote.

Karo usilirudie. Karo linanyonya kidogo kidogo. Ukilimwagia kwa saa moja maji ya wiki nzima litakurudishia, na litakurudishia pamoja na yaliyomo.

MtuWaPwani (Jambiani)

Mnajisumbua bure. Huku kwetu maji ya ziada hayana kesi. Unachimba shimo la mita moja, ukifika kwenye jiwe unalipiga mtaimbo mara mbili tatu, basi. Maji yakiingia hujui yamekwenda wapi. Mvua hata iwe ya gharika, shimo halijai.

Tabu yetu sie ni kuyaweka, si kuyamwaga. Kisima cha nyumbani kina chumvi, chai ukiipika kwa maji yake utadhani umeililia. Maji ya mvua ndiyo ya kunywa na ya kupikia, ya kisima tunaoshea vyombo. Mimi nikisikia mtu anayamwaga roho inaniuma.

FundiMabomba (Wete)

Yakhe, wewe unakaa juu ya maweni. Jiwe la matumbawe limejaa nyufa, litameza hata bahari. Bi mkubwa yuko juu ya udongo wa Pemba, akichimba shimo bila kuujua udongo wake atapata kidimbwi cha mbu.

Na wewe mwenyewe angalia. Hilo jiwe linalomeza ndilo lenye kisima chako. Kwenye nyufa maji hayachujwi, yanashuka kama yalivyo. Kama shimo liko karibu na kisima, kinyesi cha kuku wa uani kimo ndani ya maji yako ya vyombo.

MtuWaPwani (Jambiani)

Mita kama 8 hivi. Hilo sikulifikiria. Nitalihamisha.

MamaMboga_Fuoni (Unguja)

Pole sana dada yangu. Mimi nalima mboga Fuoni, nimeshakuwa upande wa jirani yako, yaani mimi ndiye niliyekuwa namwagiwa. Kwa hiyo nakusifu kwanza kwa kuona haya, wangu hakuona.

Kabla ya kuchimba chochote upime udongo. Chimba shimo dogo, kina chake mkono mpaka kwenye kiwiko. Lijaze maji, liache linywe mpaka likauke. Lijaze tena, na hiyo mara ya pili ndiyo ya kutazama saa. Usipime mara ya kwanza, udongo mkavu hunywa kwa ulafi ukakudanganya. Ukiona maji yamekwisha kwa saa mbili tatu, hapo ni mahali pa kuyazamisha. Ukiyakuta asubuhi ya pili bado yamo, hicho ni kinamo, udongo wa kufinyangia, usipoteze nguvu zako. Pima sehemu mbili, juu na chini.

Pakikubali, mimi nisingechimba shimo moja kubwa. Chimba mtaro mrefu unaokata mteremko, usiofuata mteremko. Maji yaingie yatulie humo, yazame polepole kwa urefu wote. Usawa usiupime kwa jicho, jicho kilimani ni mwongo. Chukua mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule mafundi wa kujenga wanaoutumia, utie maji, mtu mmoja huku mmoja kule, maji ya pande mbili yakisimama ndio usawa.

Ukiwa na mtaro wa mita 12, upana nusu mita, kina sentimita 40, ukiwa mtupu unabeba lita 2,400. Hilo ni tangi lako mara mbili na zaidi, na gharama yake ni jembe. Ndani yake tia makumbi ya nazi, upande wa nyuzi uangalie juu. Yatapunguza nafasi, sawa, lakini yanashika maji kama sifongo na mtu hatumbukii usiku. Upande wa chini wa mtaro panda migomba na majimbi. Majimbi hayachoki maji. Kwenye ukingo piga mstari wa michaichai, mizizi yake inashika udongo kuliko ukuta wa mawe, na jioni unayo ya chai.

Mambo mawili ya kuhofia. Mtaro usiukaribishe kwenye ukingo ambapo ardhi inakatika ghafla. Udongo ukilowa sana ukingoni unaporomoka, na chini yako kuna mtu. La pili, mtaro nao utajaa siku moja. Mwisho wake upande mmoja uchonge mahali pa chini kidogo, papange mawe, ili siku hiyo ujue utamwagia wapi wewe, usiache maji yakachagua. Hapo uzungumze na jirani kabla, na kama yanaangukia kwenye mtaro wa njia basi na sheha, kiongozi wa mtaa, ajue.

Mbu sasa. Lile pipa la buluu limwage leo, limwage juu ya udongo mkavu, viluwiluwi vitakufa hapo hapo. Halafu usiishie kumwaga. Mbu wa dengue anabandika mayai ukutani juu kidogo ya usawa wa maji, na yale mayai yanastahimili ukavu miezi, yakipata maji yanaangua. Lisugue kwa brashi na sabuni mzunguko wote, ndipo ulifunike. Kwa joto letu, kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni siku 7 mpaka 10 hivi. Ndiyo maana chombo cha wazi kisipitishe wiki. Na huyu anauma mchana, chandarua cha usiku hakimsumbui.

Swali: maji unayanywa? Mimi sinywi ya kwangu. Huku kunguru wanatuletea mifupa na utumbo wa samaki juu ya bati. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 eti wasafishe mji, sasa mji ndio unawasafisha wao.

BiMshelisheli (Mtambile)

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Tangi nililifungua usiku ule ule. Bilingani zimekunywa mpaka zimekinai.

Siyanywi, na sitayanywa. Hatuna kunguru wengi kama nyie, sie tuna popo. Si hawa wadogo wa darini, ni wale wakubwa wenye uso wa mbwa, jamaa za wale ambao wageni wanakwenda kuwatazama Kidike. Usiku wanakuja kwenye mshelisheli na maembe, wanatafuna wanatema, na wanachokifanya baada ya kutafuna kinaangukia kwenye bati langu. Maji yangu ni ya bustani na ya kuoshea baraza.

Nimepima udongo kama alivyosema Mama Mboga. Shimo la juu, karibu na migomba iliyokuwepo, ni ule udongo mwekundu. Mara ya pili nililijaza saa 3 asubuhi, saa 5 na robo nikakuta tope tu. Shimo la chini, mpakani na jirani, nililijaza saa hiyo hiyo. Magharibi inaingia bado nusu. Nikatia mkono nikatoa bonge, nikalifinyanga likawa kama kitumbua. Kinamo kabisa. Kumbe kile nilichokuwa nakifikiria tangu mwanzo, kuchimba shimo kubwa pale mpakani ili niyakamate kabla hayajavuka, kingenipa bwawa.

Jirani alikuja akanikuta nimechuchumaa na saa mkononi natazama shimo. Akaniuliza kama nimezika kitu. Nikamweleza. Hakusema kitu, akaondoka. Alasiri wajukuu zake wakaja na toroli la makumbi, wakarudi, wakaja tena, mara 5. Alikuwa nayo lundo nyuma ya jiko akisubiri kuyachoma.

Mtaro tunauchimba mie na mwanangu kuanzia kesho. Ni mita 9 tu, zaidi ya hapo nakutana na mzizi wa mshelisheli na siugusi.

MamaMboga_Fuoni (Unguja)

Usiuguse. Mita 9 kwa vipimo vile vile ni lita 1,800. Ukitaka kufidia, ongeza upana. Kina kiache kama kilivyo.

MtuWaPwani (Jambiani)

Nimehamisha shimo langu. Mita 30 kutoka kisimani. Mke wangu anasema nimehama kutoka kwenye kisima kwenda kwenye chumba chake cha kulala, lakini hayo mengine.

BiMshelisheli (Mtambile)

Wiki ya 3 sasa, narudi kuwapa habari.

Tangi limekaa juu ya zege. Fundi mwengine, kijana wa hapa hapa, alichimba upande wa bondeni akakuta mifuko ya nailoni na makopo ndani ya ule udongo uliojazwa. Tani moja ya maji nilikuwa nimeiweka juu ya taka. Bomba la kutolea ni inchi 4, linashuka, linapita chini ya njia ya bustani, linaingia mtaroni mita 5 kutoka ukutani. Kile kitundu cha inchi 1 nimekiziba.

Mvua ya kweli ilikuja usiku wa Jumanne. Sikulala, nilitaka kuona. Nilisimama pale na mwavuli na tochi kama mlinzi. Kwanza tangi likajaa kimya. Halafu bomba likakohoa mara mbili, likatema kitu kama majani, kisha likaanza kutiririka, maji mazima, bila kelele. Kifuniko kikavu. Nikalimulika tangi pande zote nikitafuta lile vazi lake la maji. Hakuna. Wallahi nilicheka peke yangu.

Mtaro ulikunywa kama nusu saa. Makumbi yakaanza kuelea, hilo hamkuniambia. Yalinyanyuka yote kama jahazi, mengine yakataka kuondoka. Nimeyatilia mawe juu. Baadaye mtaro ukajaa, ukamwagia pale kwenye mawe, maji yakashuka polepole kwenye majimbi na hapo yakakwama, hayakuvuka mpaka. Asubuhi jirani alikuja tena baada ya sala. Safari hii alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, hakubisha hodi, akautazama mtaro, akasema, "Umekunywa." Akaenda zake.

Lakini mambo hayakunyooka yote. Mvua ya Ijumaa kifuniko kikamwaga tena. Nikatoka mbio nikadhani bomba limepasuka. Kumbe ule wavu wa mwisho umeziba. Majani ya mshelisheli, na makapi ya matunda waliyotema popo, yamejipanga ndani yake kama mkate. Nilipoufungua waya maji yalitoka kwa nguvu yakanivua kandambili moja, mpaka leo sijaiona. Sasa kila nikitwanga bizari nakumbuka wavu, sijui kwa nini, basi naenda kuutazama.

Mbu wamepungua sana. Pipa la buluu nimelisugua na kulifunika kwa chandarua kikuukuu na mpira wa ndani wa baiskeli.

Kilichobaki ni deni. Ile sakafu ya karafuu. Tope tulilifagia zamani, lakini pembeni bado kuna uwazi chini yake na juu imetoa ufa, urefu kama hatua 4. Jirani hajadai. Anasema ni kazi ya Mungu. Mimi najua ni kazi ya kibomba cha inchi 1. Nataka niitengeneze kabla karafuu hazijaanza kuchumwa, maana zikianikwa hapo zitakuwa zinadondokea ufani, na ikipotea karafuu ya mtu, hata punje, sitaki iwe kwa sababu yangu. Nimefikiria kununua nusu mfuko wa saruji nikaziba ule ufa. Inatosha?

FundiMabomba (Wete)

Haitoshi, na si kwa sababu ya kiasi. Ukiziba ufa juu na chini pana uwazi, mtu mmoja akisimama hapo na pakacha kichwani itavunjika tena, na safari hii itavunjika kubwa.

Anzia chini. Ule uwazi ufungue kwa pembeni uuone wote. Jaza kokoto na mchanga uliochanganywa na saruji kidogo, mkavu mkavu, uwe unasukuma ndani kwa mti na kushindilia kila unapotia. Ukifika mwisho panda juu ya sakafu, ugonge kwa kipini cha nyundo kuanzia katikati kuja pembeni. Pakilia kama ngoma bado pana uwazi, ongeza. Pakilia zito kama jiwe, basi. Halafu jenga kizuizi cha mawe pale pembeni ili kujaza kwako kusichimbuliwe tena. Ufa wa juu ndio wa mwisho. Upanue kwanza kwa patasi uwe kama herufi V, uoshe vumbi, uloweshe, ndipo utie saruji. Uukinge na jua kwa makuti siku 7, unaumwagilia asubuhi na jioni.

Kuhusu wavu, kosa ni langu, nilikwambia utie mwisho nikasahau mwanzo. Tia kichujio kule juu, pale gata linapoingia kwenye bomba la kuteremkia, cha waya wenye matundu ya kupita kidole kidogo. Majani yabaki juu ya paa, yakauke, upepo uyapeleke. Wavu wa mbu ubaki huko huko mwisho, kazi yake ni mbu tu.

Jumamosi nina kazi Mkoani. Nikirudi nitapita hapo baada ya adhuhuri niigonge hiyo sakafu mwenyewe. Saruji usinunue mpaka nifike.